Hoja Hujibiwa kwa Hoja: Mbinu za Kuwafundisha Wageni Kujadiliana kwa Kiswahili

Mgeni aliyesoma Kiswahili kwa miaka mitatu huweza kusimulia safari zake, kueleza kazi yake na kusoma gazeti bila kushika kamusi. Mkalishe barazani, pale watu wanapobishana kuhusu bei ya mafuta au penalti ya jana, naye ananyamaza. Anaelewa karibu kila kitu, ila mazungumzo yanakwenda mbio: kabla hajamaliza kupanga sentensi yake kichwani, hoja imeshahama. Akibahatika kupewa nafasi, anatoa hotuba fupi aliyojiandalia, isiyogusa hata kidogo alichosema aliyemtangulia. Wenyeji wanamsikiliza kwa adabu, kisha wanarudi kwenye ubishi wao.

Walimu wengi hujaribu kuliondoa tatizo hili kwa orodha ya misemo: kwa maoni yangu, naunga mkono, sikubaliani nawe. Orodha hiyo ina kazi yake, lakini haitoshi. Mwanafunzi wa ngazi ya juu hakukosa maneno ya kutolea maoni. Amekosa mazoea ya kupokea hoja ya mwenzake, kuipima, ndipo aijibu. Hiyo ndiyo stadi ya kufundishwa, na mbinu zinazofuata zote zinaizunguka. Zinafaa darasa la chuo lenye wanafunzi sita au kumi, na kwa mabadiliko machache zinamfaa pia mwalimu anayefundisha mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake Unguja au kupitia intaneti.

Hata kwenye mitihani jambo hili lina uzito. Katika vigezo vya ACTFL vinavyotumika Marekani, kutetea maoni na kuzungumzia mambo ya kudhania ni miongoni mwa yanayomtenga mwanafunzi wa ngazi ya Superior na yule wa Advanced. Katika mfumo wa Ulaya wa CEFR, kueleza faida na hasara za kila upande hudaiwa kuanzia ngazi ya B2. Mtu anaweza kuwa na msamiati mpana na bado akakwama hapo kwa muda mrefu.

Chagua hoja inayowagawa wenyeji wenyewe

Midahalo ya shule zetu imezoea hoja kama "Elimu ni bora kuliko mali" au "Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini." Hizo zinafaa kuchangamsha darasa tu. Kila mtu analijua jibu la heshima, kwamba vyote viwili vinahitajika, na mjadala unakufa mapema.

Hoja nzuri ina sifa tatu. Kwanza, wenyeji hawajakubaliana juu yake. Pili, inahusu uamuzi unaoweza kuchukuliwa au kuachwa. Tatu, habari zake zinapatikana kwa Kiswahili, ili mwanafunzi asilazimike kutafsiri mawazo ya magazeti ya kwao.

Lugha ya kufundishia nchini Tanzania ni mfano mzuri. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini wazazi wenye uwezo wameendelea kuwapeleka watoto wao shule za mchepuo wa Kiingereza. Hapo kuna haki ya mtoto kuelewa anachofundishwa, kuna soko la ajira, kuna heshima ya taifa na kuna mfuko wa mzazi. Kwa wanafunzi wanaopenda fasihi, rudi kwenye ubishi uliopamba moto miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974: je, shairi lisilo na vina na mizani ni shairi? Kwa wanaoijua Nairobi, uliza kama Sheng ina nafasi katika matangazo ya afya kwa vijana. Kwa wanaoishi Unguja, uliza kama mtalii avaliaye nguo za ufukweni katikati ya Mji Mkongwe atozwe faini.

Mada ikishapatikana, iandike kama sentensi moja inayoweza kukubaliwa au kukataliwa. "Bodaboda" ni mada. "Bodaboda zisiingie katikati ya jiji la Dar es Salaam asubuhi watu wanapokwenda kazini" ni hoja. Mwanafunzi anayepewa mada huzungukazunguka, na anayepewa hoja hana budi kusimama upande mmoja.

Kwa kipindi cha kwanza kabisa, wakati darasa bado lina haya, tumia Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na hadi leo hakuna kikao kilichoamua ipi kubwa. Ubishi wa mpira unaruhusu utani, sauti ya juu na kutia chumvi, na hakuna anayeondoka ameumia.

Wape cha kusema kabla ya kuwadai waseme

Ukimya wa darasani mara nyingi hutokana na ukosefu wa habari. Mwalimu huuliza, "Mnaonaje kuhusu mazingira?" na mwanafunzi, ambaye hata kwa lugha ya mama yake hana la kusema juu ya swali pana namna hiyo, huonekana hajui Kiswahili. Andaa faili dogo, ukurasa mmoja au miwili, lenye mambo yanayoweza kushikika.

Tuseme hoja ni hii: "Marufuku ya mifuko ya plastiki imewaumiza wachuuzi kuliko ilivyosaidia mazingira." Faili lako liwe na mambo kama haya. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, ikaweka adhabu ya faini inayofika shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo kinachofika miaka 4. Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019, na mtu akikutwa na mfuko wa plastiki anaweza kutozwa shilingi 30,000 au kufungwa hadi siku 7. Tayari swali limejitokeza lenyewe: kwa nini adhabu zinatofautiana namna hiyo, na ipi ina haki zaidi?

Ongeza watu kwenye faili hilo. Mpe kila mwanafunzi nafsi ya kuisemea: muuza mboga sokoni, mwenye kiwanda cha plastiki, mvuvi, ofisa wa mazingira, mama lishe. Kila mmoja arudi na hoja mbili, ushahidi mmoja na pingamizi moja analolitarajia kutoka upande wa pili. Pingamizi hilo lisisahaulike, maana ndilo linalomlazimisha kufikiri kwa kichwa cha mwenzake.

Msamiati usizidi mafungu kumi, na uwe mafungu ya maneno badala ya maneno pweke: kupiga marufuku, kutoza faini, kutekeleza sheria, mifuko mbadala, kuziba mitaro, kupoteza ajira, kulegeza masharti. Mwanafunzi aliyeokota neno "faini" peke yake atasema "kufanya faini" mdahalo utakapopamba moto.

Kwa kusikiliza na kusoma, hazina ipo. Kipindi cha DW Kiswahili cha Maoni Mbele ya Meza ya Duara kimewakutanisha wazungumzaji wa nchi mbalimbali, kila mmoja na lafudhi yake. Bunge la Tanzania nalo huchapa Taarifa Rasmi, yaani Hansard, yenye michango ya wabunge neno kwa neno. Chagua kurasa mbili ambapo wabunge wanapingana, na umtake mwanafunzi apigie mstari kila mahali mbunge anapomtaja msemaji aliyemtangulia.

Ngazi za uhakika

Wageni wengi huanza kila sentensi kwa "nafikiri kwamba". Matokeo yake ni kwamba mambo yote wanayosema yana uzito uleule, kuanzia tetesi hadi jambo lisilopingika.

Andika maneno haya kwenye vikadi: labda, huenda, pengine, nahisi, nadhani, naona, naamini, nina hakika, bila shaka, ni dhahiri kwamba, haipingiki kwamba. Waambie wanafunzi wavipange mezani kutoka dhaifu hadi thabiti. Watabishana, na ubishi huo wenyewe ni somo: je, "naona" ina nguvu kuliko "nadhani"? Je, "pengine" na "huenda" ziko sawa? Acha wabishane kwa Kiswahili, kisha uwaulize watoe mifano.

Hatua ya pili ni kuwapa taarifa tano za faili na kuwataka waziseme kwa kiwango kinachostahili. "Kenya ilianza marufuku mwaka 2017" haihitaji "nadhani". "Wachuuzi wamepandisha bei kwa sababu ya mifuko mbadala" inahitaji "huenda" au "inasemekana", mpaka mtu alete ushahidi. Hapa ndipo unapowafundisha pia njia za kusema jambo bila kulibeba wewe mwenyewe: inasemekana, inaaminika, wapo wanaodai kwamba, kuna wanaoona kuwa.

Kupokea kwanza, kupinga baadaye

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alipendekeza kanuni rahisi kwa watu wanaogombana: hakuna ruhusa ya kusema lako kabla hujaeleza aliyosema mwenzako kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakubali kuwa ndivyo alivyosema. Kanuni hiyo ilikusudiwa kupatanisha watu, lakini katika darasa la lugha inafanya kazi kubwa ajabu. Inamlazimisha mwanafunzi kusikiliza hadi mwisho, kugeuza nafsi kutoka "mimi" kwenda "wewe", kutumia vitenzi vya urejeshi na kujumlisha kwa maneno yake. Zaidi ya hayo, inampa sekunde chache za kufikiri huku anazungumza, jambo ambalo mgeni hulihitaji kuliko mwenyeji.

Ifundishe kwa hatua tatu. Ya kwanza ni kurudia: "Kama nimekuelewa vizuri, unasema kwamba...", "Hoja yako ni kuwa...", "Ulichosema kinamaanisha..., sivyo?" Ya pili ni kukiri kilicho kweli: "Hapo nakubali", "Hilo halina ubishi", "Umesema kweli kuhusu mitaro." Ya tatu ni kugeuza: "ila", "lakini", "hata hivyo", "tatizo ni kwamba", "swali langu ni moja tu".

Waoneshe tofauti kwa mfano. Mtetezi wa marufuku anasema: "Marufuku imesaidia. Mitaro ya mjini ilikuwa ikiziba kila msimu wa mvua, na sasa mifuko haizagai barabarani."

Jibu la mwanafunzi aliyezoea hotuba: "Mimi sikubaliani. Kwa maoni yangu watu wengi wamepoteza ajira."

Jibu la aliyejifunza kupokea: "Kama nimekuelewa, unapima mafanikio ya marufuku kwa usafi wa mitaro. Hapo nakubali, mifuko imepungua. Lakini mitaro hiyohiyo sasa imejaa chupa za maji. Je, tumeondoa taka, au tumebadilisha aina ya taka?"

Jibu la kwanza halina kosa la sarufi hata moja, lakini halijibu kitu, kwani limeruka kutoka mitaro hadi ajira. Jibu la pili limeshika hoja ya mwenzake, likaikubali nusu, likaitumia nusu iliyobaki dhidi yake. Yaandike majibu yote mawili ubaoni na uliulize darasa ni lipi lingemfanya mtetezi anyamaze kidogo na kufikiri.

Zoezi la kuimarisha stadi hii ni mnyororo wa hoja. Wanafunzi wanakaa duara. Wa kwanza anatoa hoja, wa pili anairudia, anakiri sehemu yake, anaipinga, wa tatu anafanya vivyo hivyo kwa hoja ya wa pili, hadi mduara ukamilike. Atakayeruka hatua ya kurudia anaanza upya. Mara mbili za mwanzo zoezi hili huenda kwa kusuasua, kisha masikio huzoea.

Maneno madogo yanayouwasha ubishi

Vitabu vingi vya kiada vina wingi wa "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine". Barazani watu hawasemi hivyo. Ubishi wa Kiswahili huendeshwa na maneno madogo ambayo mgeni huyasikia kila siku na hathubutu kuyatumia.

Mbona huonesha kwamba alichosema mwenzako hakiendani na hali ilivyo: "Mbona vifungashio vingine vya plastiki vinaruhusiwa?" Kwani hutilia shaka msingi wa hoja: "Kwani nani kasema wachuuzi walishirikishwa?" Si humkumbusha mtu maneno yake mwenyewe: "Si umesema sasa hivi kuwa sheria haitekelezwi?" Eti huweka umbali kati ya msemaji na madai anayoyataja: "Wanasema eti mifuko mbadala inadumu mwaka mzima." Kumbe hukamata jambo jipya lililojitokeza: "Kumbe tatizo si marufuku, ni bei!" Hebu huita mfano: "Hebu nipe mfano mmoja wa kiwanda kilichofungwa." Basi hukubali kwa sharti: "Basi, tuseme uko sahihi, hao wachuuzi watafanya nini?"

Fundisha mawili kwa kila kipindi, yasizidi. Mpe kila mwanafunzi vikadi viwili na umwambie kwamba kabla mdahalo haujaisha lazima avitumie mahali panapofaa. Waangalie wenzake: wakikubali kwamba neno limekaa sawa, anaweka kikadi mezani. Eleza pia kiwango cha ukali. "Mbona" na "kwani" zikisemwa kwa sauti ya juu kwa mtu mzima huweza kusikika kama utovu wa adabu. "Eti" huweza kuwa dhihaka. Toni ya sauti ifundishwe pamoja na neno, kwa kusikiliza rekodi na kuiga.

Sarufi inayobeba hoja

Usifundishe sarufi yote upya. Chagua miundo inayotumika sana katika kujadiliana, na uirudie katika kila hoja.

Muundo wa kudhania ndio wa kwanza: "Kama serikali ingetoa mifuko mbadala bure, wachuuzi wasingelalamika." Wanafunzi wengi huweka -nge- upande mmoja na -ta- upande wa pili. Watungishe sentensi zenye pande zote mbili, kisha zigeuzwe kuwa za wakati uliopita kwa -ngali-: "Wangalishirikishwa, wangalikubali." Waambie pia kwamba watasikia "wasingekubali" na "hawangekubali" kutegemea alipotoka msemaji, ili wasishangae wakivuka mpaka.

Wa pili ni wa kusisitiza: "Bei ndiyo inayowaumiza", "Hapo ndipo tunapotofautiana", "Hilo silo nililosema." Sentensi hii ya mwisho pekee ina thamani kubwa, maana kila mdahalo utafika mahali mtu amesingiziwa hoja isiyo yake.

Wa tatu ni wa kukubali bila kukubaliana: ingawa, ijapokuwa, hata kama, licha ya. Hapa makosa ni mengi. "Licha ya" hufuatwa na nomino au kitenzi-jina, "ingawa" hufuatwa na sentensi kamili. "Hata kama" hufungua sharti, "hata hivyo" hufungua sentensi mpya. Tunga sentensi nne zenye mapengo kutoka kwenye faili la siku hiyo, na kazi hiyo imalizike ndani ya dakika tano.

Kipindi cha dakika 90

Dakika 10 za kwanza ni za kupasha moto: mnyororo wa hoja kwa jambo jepesi. Dakika 15 zinazofuata, pande mbili zinajiandaa kwa kutumia faili. Maandishi yaruhusiwe, lakini kwa mafungu ya maneno tu, si sentensi kamili. Mwanafunzi aliyeandika hotuba nzima ataisoma.

Mdahalo wenyewe upewe dakika 30. Kila upande unafungua kwa dakika 4. Kisha dakika 18 za maswali na majibu, ambazo ndizo kiini cha kipindi. Mwisho kila upande unafunga kwa dakika 2, na sharti la kufunga ni kutaja hoja moja ya wapinzani iliyowagusa. Wateue mwenyekiti, mtunza muda na katibu miongoni mwa wanafunzi. Mwenyekiti apewe lugha yake: "Naomba utulivu", "Malizia, mzungumzaji", "Nafasi sasa ni ya upande wa upinzani." Mwanafunzi mkimya mpe ukatibu mara ya kwanza. Atasikiliza kwa makini, na baada ya mdahalo atakuwa na dakika 10 za kujumlisha pande zote mbili mbele ya darasa, kazi ambayo hakuna atakayemkatiza.

Dakika 15 ni za kusahihisha, na 10 za mwisho ni za kurudia kwa kasi. Hapa itumie mbinu ya 4/3/2, aliyoieleza Keith Maurice mwaka 1983 na kuenezwa na mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, Paul Nation: mtu anaeleza msimamo wake kwa dakika 4 kwa mwenzake wa kwanza, dakika 3 kwa wa pili, dakika 2 kwa wa tatu. Maneno ni yaleyale, muda unapungua, ulimi unafunguka.

Kama una mwanafunzi mmoja tu, wewe ndiye upinzani. Bishana naye dakika 10, kisha mbadilishane pande. Kumtetea uliyekuwa ukimpinga ni kipimo kizuri cha kujua kama ulimsikiliza.

Maumbo mengine ya kubishana

Mdahalo wa shule si umbo pekee. Kwa wanafunzi wanaopenda utaratibu, igiza Bunge. Tanzania mbunge husema "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja", na anayetaka kukatiza huomba "taarifa" au "mwongozo". Spika humwuliza aliyekatizwa kama anaipokea taarifa hiyo, naye hujibu "naipokea" au "siipokei" na kutoa sababu. Kenya, ambako Kiswahili kiliruhusiwa bungeni tangu mwaka 1974, wanafunzi watasikia "hoja ya nidhamu". Utaratibu huu unawapa wanafunzi waoga ruhusa ya kukatiza bila kujiona wakosefu wa adabu.

Umbo la pili ni ngonjera. Mshairi Mathias Mnyampala aliziendeleza, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zikaenea shuleni. Ndani yake watu wawili hujibizana kwa beti hadi mmoja amshawishi mwenziwe. Wanafunzi si lazima watunge kwa vina na mizani. Wachukue muundo tu: zamu fupi, kila zamu ianze kwa kugusa zamu iliyotangulia, na mwisho pawe na maafikiano.

Umbo la tatu ni vita vya methali. Methali zetu hazikubaliani, na hilo ni faida kwa mwalimu. "Haraka haraka haina baraka" inapingwa na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." "Damu ni nzito kuliko maji" inapingwa na "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Mpe kila upande methali yake, na aeleze hali ya maisha ambamo methali yake ndiyo sahihi. Usiwaruhusu kufunga hoja kwa methali bila maelezo, kwani methali hupamba hoja, haithibitishi kitu.

Kusahihisha na kupima

Usimkatize mtu katikati ya hoja kwa ajili ya upatanisho wa ngeli. Chukua karatasi, ugawe safu mbili: makosa yaliyoficha maana, na sentensi zilizofana. Mwisho wa mdahalo andika ubaoni sentensi sita bila majina, tatu za kila aina, na uwaachie wanafunzi wazirekebishe wenyewe zile zenye makosa. Mdahalo urekodiwe kwa simu, kwa ridhaa yao, na kila mmoja akasikilize dakika tatu zake nyumbani na kuandika upya jibu moja ambalo angependa kulisema vizuri zaidi.

Katika kutoa alama, mpango wa alama 20 unatosha: 5 kwa kupokea hoja ya mwenzake, 5 kwa ushahidi, 5 kwa mpangilio, 5 kwa usahihi wa lugha. Ukiipa sarufi alama 15, wanafunzi watasema machache ili wasikosee.

Adabu na mipaka

Wanafunzi kutoka nchi ambako kupinga waziwazi ni jambo la kawaida wanahitaji kujua kwamba "Unasema uongo" ni tusi, hata kama wao wamekusudia kusema taarifa si sahihi. Wape badala yake: "Sidhani kama iko hivyo", "Nilivyosikia mimi ni tofauti", "Hapo naomba nitofautiane nawe kidogo." Kwa mtu mzima, waanze na "Samahani, mzee wangu" au "Samahani, mama", na pengine pingamizi lije kwa umbo la swali: "Labda niulize tu, mzee." Kwa upande mwingine, waandae kwa ukali wa kirafiki. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, watu hukutana kwa kahawa na siasa na hukatizana bila kuombana radhi. Mgeni asidhani wanagombana.

Kuhusu dini na siasa za uchaguzi, mwanafunzi anaweza kujifunza kusikiliza na kuuliza kabla ya kutoa hukumu. Darasani pia, upande wa kila mtu upangwe kwa kura au kwa kikadi, ili anayetetea jambo asihesabiwe kuwa ndivyo anavyoamini. Mwalimu naye azuie maoni yake mpaka mwisho, maana akishayasema, nusu ya darasa itahamia kwake.

Mwalimu asiye na nafasi ya kufanya yote haya achague moja: katika kipindi kijacho, mtu asijibu kabla hajarudia hoja ya mwenzake kwa ukamilifu. Aishikilie kanuni hiyo muhula mzima, bila kumsamehe mtu. Mengine yote, kuanzia viunganishi hadi methali, yatapata pa kukaa.